Maswali na Majibu: Sheria ya barabara ikitungwa Dodoma, halmashauri yako iko wapi?

Barua za mara hii nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: sheria za barabara na usafiri hutungwa mbali, zikifika hapa tayari zina mhuri. Tumechagua sita na kuzifupisha.

Mimi ni diwani, muhula wangu wa kwanza, Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Nikiuliza habari ya barabara ya kata yangu naambiwa hiyo ni ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Nikiuliza sheria naambiwa hiyo ni ya Bunge. Halmashauri inajuaje kuna muswada kabla haujawa sheria? (Diwani, Kibosho)

Mheshimiwa, waliokujibu hawakudanganya, ila wamekupa nusu ya jibu. Ni kweli kwamba tangu 1 Julai 2017 matengenezo ya barabara za wilaya yalihamia TARURA, na barabara kuu na za mikoa ziko TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Lakini mtandao huo uko ndani ya eneo lako, wapigakura wako ndio wanaokwama masika, na sheria inayoamua nani anapanga, nani analipa na nani anaripoti kwa nani inakuhusu moja kwa moja.

Mabadiliko hayo huingia kwa milango minne. Wa kwanza ni muswada wa wizara yenyewe: Ujenzi, Uchukuzi, au OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Huo kila mtu anausikia kwa sababu magazeti yanauandika. Wa pili ni Muswada wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, na hapa ndipo halmashauri nyingi hupigwa chenga. Jina halisemi chochote, ndani mna sheria kumi au zaidi zinazoguswa kwa mistari miwili mitatu kila moja, na mara nyingi hupelekwa kwenye kamati ya mambo ya katiba na sheria, siyo Kamati ya Miundombinu. Anayesubiri Kamati ya Miundombinu itoe tangazo atasubiri sana.

Mlango wa tatu ni Muswada wa Fedha wa kila Juni. Ile shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA ilipitia huko. Wa nne ni kanuni za mawaziri na Matangazo ya Serikali, yale tunayoyaita GN. Hayo hayasubiri Bunge liyapitishe. Yakichapishwa kwenye Gazeti la Serikali yanaanza kazi, isipokuwa kama yametaja tarehe nyingine. Bunge huyapitia baadaye kupitia Kamati yake ya Sheria Ndogo.

Sasa namna ya kufuatilia. Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa, na miswada huwa kwenye nyongeza yake. Tovuti ya Bunge nayo huweka miswada, orodha ya shughuli za kila siku na Taarifa Rasmi za mijadala, yaani Hansard. Mwanasheria wa halmashauri apangiwe kazi hii kwa jina lake, kila Jumatatu asubuhi, na afungue daftari (la karatasi au la kompyuta, haidhuru) lenye safu hizi: jina la muswada, tarehe ya Gazeti, ibara zinazotugusa, sheria mama inayorekebishwa, kamati uliyopelekewa, siku ya mwisho ya maoni, nani anaandika, nini kilitokea.

Asisome kichwa cha habari tu. Afungue ukurasa wa yaliyomo na kutafuta sheria hizi: Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007, Sura 220 ya ushuru wa barabara na mafuta, Sura 168 ya usalama barabarani, Sheria ya LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini) ya 2019, Sura 287, 288 na 290 za serikali za mitaa, Sura 118 ya utwaaji ardhi na Sura 355 ya mipangomiji. Ikionekana hata moja, muswada unaingia kwenye daftari.

Tatizo kubwa ni kalenda. Baraza la madiwani hukutana kila baada ya miezi mitatu. Muswada unaweza kuchapishwa wiki moja baada ya baraza kuahirishwa na kupitishwa wiki tatu kabla ya baraza linalofuata. Ukija kwa hati ya dharura ndiyo basi kabisa, hatua zote hukimbizwa ndani ya mkutano mmoja wa Bunge. Dawa yake ni baraza kupitisha mapema, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, azimio la kuikasimu Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ambayo hukutana kila mwezi, itoe maoni ya miswada kwa niaba ya baraza na kuleta taarifa kikao kijacho. Azimio hilo likiwepo kwenye muhtasari, hakuna wa kuuliza maoni yalitoka wapi. Lisipokuwepo, mkurugenzi makini atakataa kusaini barua, na atakuwa na haki.

Baraza letu lilipitisha azimio kuhusu barabara na kulituma juu. Kimya. Tulikosea wapi? (Mtumishi wa halmashauri, Arusha)

Bila kuliona azimio lenyewe hatuwezi kuapa, lakini tumesoma ya namna hiyo ya kutosha kukisia. Mengi yanasomeka hivi: «Baraza linaiomba Serikali iangalie upya suala la barabara zetu.» Mwandishi wa sheria pale Dodoma hana pa kulishika. Haijulikani ni sheria ipi, ibara ipi, wala neno lipi liondoke.

Tuseme, kwa mfano tu, muswada una ibara inayosema: «Wakala utaandaa mpango wa mwaka wa matengenezo ya barabara za wilaya.» Halmashauri inataka isikike kabla mpango haujafungwa. Maoni yaandikwe hivi: «Katika ibara ya 7, mara baada ya maneno ‘barabara za wilaya’, yaongezwe maneno ‘baada ya kupata maoni ya maandishi ya halmashauri husika ndani ya siku thelathini’.» Chini yake aya moja ya sababu, si zaidi ya nusu ukurasa. Mbunge anaweza kuyachukua maneno hayo na kuyaingiza kwenye jedwali la marekebisho bila kubadili chochote. Angalia pia hizo siku thelathini: bila ukomo wa muda serikali itasema halmashauri zitachelewesha kazi, na pendekezo litakufa kwa hoja hiyo moja.

Sababu ziwe na takwimu za kwenu. Kaeni na meneja wa TARURA wa wilaya, kwa kuwa wana mfumo wa taarifa za barabara unaoitwa DROMAS. Chukueni urefu wa barabara kwa kilomita, hali yake (nzuri, wastani, mbaya), idadi ya kalavati na madaraja, kisha ongezeni yale ambayo mfumo hauna: siku ambazo barabara ilifungwa kati ya Machi na Mei, shule na zahanati zilizokatika, hesabu ya magari na pikipiki kwa siku ya soko na siku ya kawaida. Hesabu ya siku ya soko peke yake ni kujidanganya, na mhandisi yeyote ataigundua.

Halafu njia ya kupeleka. Mkurugenzi ni mtumishi wa serikali. Barua yake hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa kwenda OR-TAMISEMI. Njia hiyo ni halali na lazima itumike, lakini tuseme ukweli: hatutegemei mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais asimame kuupinga muswada wa Serikali hadharani. Kwa hiyo msitegemee njia hiyo peke yake. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza lenu kisheria. Mpeni nakala mkononi pamoja na maneno ya marekebisho. Mstahiki Meya apeleke ALAT, Jumuiya ya Tawala za Mitaa iliyoanzishwa mwaka 1984, kwa sababu kamati ya Bunge husikiliza tofauti inapoambiwa jambo na halmashauri za nchi nzima kuliko inapoambiwa na jiji moja. Nakala nyingine iende kwa katibu wa kamati inayoshughulikia muswada wakati wa kukusanya maoni ya wadau.

Mara muswada ukisomwa mara ya pili, nafasi iliyobaki ni ndogo: jedwali la marekebisho la mbunge, ambalo hufikishwa kwa Katibu wa Bunge kwa maandishi kabla ya Kamati ya Bunge Zima, yaani Bunge lote likikaa kupitia ibara moja moja. Azimio likifika baada ya hapo halina kazi. Tungeliuliza azimio lenu swali hilo kwanza: lilifika tarehe ngapi?

Na jambo dogo linaloaibisha wengi. Sheria zetu zina Toleo la Marejeo la 2023 lililoanza kutumika 1 Julai 2025. Namba za vifungu katika toleo la zamani huenda zisilingane na za sasa. Hakikisheni mnanukuu toleo jipya, vinginevyo ukurasa wa kwanza wa barua yenu utakuwa na kosa.

Kwa nini mbunge wetu asipeleke tu muswada binafsi wa kuongeza mgao wa barabara za wilaya? (Msomaji, Njiro)

Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia. Jambo la kutoza kodi au kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina haliwezi kushughulikiwa na Bunge mpaka Rais awe amelipendekeza na pendekezo limewasilishwa na waziri. Anachoweza ni kumbana waziri wakati wa bajeti, Aprili hadi Juni. Akiwa hajaridhika na maelezo kwenye Kamati ya Matumizi anashika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate kauli ya Serikali. Kauli hiyo huingia kwenye Hansard, na halmashauri yenye akili huikata, huibandika kwenye daftari lake na kuirudisha mwaka unaofuata.

Lakini Juni ni kuvuna. Kupanda ni Novemba hadi Februari, wakati mwongozo wa bajeti umetoka na vikao vya kamati za ushauri za wilaya (DCC) na mkoa (RCC) vinaendelea. Barabara isiyomo kwenye mpango huko chini, mbunge hata apige sarakasi haitaonekana kwenye kitabu cha bajeti.

Nyumba yangu ya biashara iko kando ya barabara kuu, Usa River, imewekwa alama ya X. Diwani anasema halmashauri itapunguza hifadhi ya barabara. Inawezekana? (Mfanyabiashara, Usa River)

Hapana. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na hiyo imewekwa na Sheria ya Barabara ya 2007 pamoja na kanuni zake za 2009. Sheria ndogo ya halmashauri haiwezi kupingana na sheria ya Bunge wala kanuni ya waziri. Diwani akiahidi hivyo anakupotezea muda wa kudai haki yako halisi.

Haki hiyo ni ipi? Kabla ya sheria ya 2007 hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande. Aliyekuwa amejenga kihalali kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya upana kuongezwa anastahili fidia eneo lake likihitajika. Ndiyo maana kuna X ya kijani na X nyekundu: ya kijani kwa anayestahili kulipwa, nyekundu kwa aliyeingia ndani ya hifadhi. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya lami ya zamani, siyo ukingoni. Barabara ikiwa imepanuliwa upande mmoja, katikati ya sasa na ya zamani si pamoja. Kusanya hati au barua ya toleo, risiti za kodi ya ardhi na kibali cha ujenzi chenye tarehe.

Halmashauri ina kazi moja hapa, na tungependa madiwani waipiganie badala ya kuahidi yasiyowezekana: isitoe kibali cha ujenzi ndani ya mita 30, na michoro ya mipangomiji ionyeshe mstari wa hifadhi. Migogoro mingi ya fidia huanza na kibali kilichogongwa mhuri na ofisi ya umma ileile inayokuja kubomoa.

Sisi bodaboda tumesikia halmashauri inatunga sheria ndogo ya vituo na ushuru. Tunaingilia wapi? (Kiongozi wa kijiwe, Arusha)

Mapema kuliko mnavyofikiri. Mpangilio uko hivi: wataalamu wanaandaa rasimu, halmashauri inatoa tangazo la kusudio kwa wananchi na kuita maoni au mapingamizi, kamati ya kudumu inaipitia, Baraza linapitisha, inakwenda kwa Mkuu wa Mkoa kwa maoni, waziri anaridhia, inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Nafasi yenu ya kisheria ni pale kwenye tangazo. Linabandikwa ubao wa kata na wa mtaa, mara nyingi nyuma ya matangazo ya mikopo na misiba, kwa hiyo pangeni zamu ya kusoma ubao. Likionekana, ombeni nakala ya rasimu nzima pamoja na majedwali, maana viwango vya ushuru na faini hukaa kwenye jedwali la mwisho.

Mkiandika pingamizi, msiseme «ushuru ni mkubwa». Angalieni kwanza kama halmashauri ina mamlaka na jambo hilo. Leseni za usafirishaji ziko chini ya LATRA, makosa ya barabarani yako Sura 168 na polisi. Mahali pa vituo na ushuru wa huduma inayotolewa pale ni eneo la halmashauri. Rasimu ikivuka mpaka huo, taja kifungu na sheria mama inayopingana nayo. Hoja ya namna hiyo mwanasheria hawezi kuipuuza, kwa sababu Kamati ya Sheria Ndogo ya Bunge inaweza kuirudisha baadaye. Dosari ambazo kamati hiyo huzikuta mara kwa mara ni rejea za vifungu visivyokuwepo, jedwali lililotajwa lakini halijaambatishwa, na masharti yanayogongana na sheria mama. Zitafuteni hizo tatu.

Kwenye vituo, pelekeni mchoro wa mkono: barabara, geti la soko, kivuko cha watembea kwa miguu, na idadi ya pikipiki saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mchoro mmoja mezani kwa Kamati ya Mipangomiji na Mazingira unafanya kazi kuliko maandamano.

Kijiji chetu kinataka barabara ipandishwe hadhi iende TANROADS. Je, hilo linahitaji sheria mpya? Na wenzetu wa kaunti za Kenya wanafanyaje? (Mwenyekiti wa kijiji, Longido)

La kwanza: halihitaji sheria. Kupandisha hadhi ni uamuzi wa waziri mwenye dhamana ya barabara, baada ya ombi kupitia halmashauri na Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na wajumbe wake ni pamoja na wabunge, mameya na wenyeviti wa halmashauri. Vigezo vimo kwenye kanuni za 2009. Kwa kifupi, barabara ya mkoa huunganisha makao makuu ya mkoa na ya wilaya, au makao hayo na barabara kuu. Ombi linaloeleza tu kwamba barabara ni mbaya hukataliwa, kwa kuwa ubaya si kigezo. Kigezo ni barabara inaunganisha nini. Na msidhani TANROADS wakiichukua lami inafuata. Inabadilika orodha kwanza, pesa ni habari nyingine.

La pili: Kenya wana kaunti 47 chini ya Katiba ya 2010, na Jedwali la Nne linazipa barabara za kaunti, maegesho na usafiri wa umma wa barabara. Wana Seneti inayowakilisha kaunti, na muswada unaozihusu lazima upite huko. Hata hivyo hawajastarehe: Sheria yao ya Barabara ni ya 2007, kabla ya ugatuzi, na mgao wa ushuru wa matengenezo ya barabara wa shilingi za Kenya bilioni 10.5 umewapeleka magavana na Bunge la Taifa mpaka mahakamani. Marekani, yenye kaunti zaidi ya 3,000, wana jumuiya ya kaunti yenye ofisi Washington, na kwa kuwa sheria yao kubwa ya miundombinu ya 2021 inafikia ukomo 30 Septemba 2026, kazi ya kuandaa maneno ya sheria inayofuata huanza muda mrefu kabla ya tarehe hiyo. Sheria zetu nyingi hazina tarehe ya ukomo, kwa hiyo hakuna siku inayotulazimisha kujiandaa.

Kwa aliye Longido, barabara ya Namanga ina bunge la tatu la kuangalia. Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya 2016, inayoweka kikomo cha tani 56, ilitungwa na Bunge la Afrika Mashariki ambalo makao yake ni hapa Arusha mjini, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Kamati za bunge hilo nazo hupokea maoni ya wadau. Barua hupelekwa kwa Katibu wa Bunge hilo, na kwa halmashauri ya Arusha ni mwendo wa daladala moja.